Pikipiki ya bibi arusi ilichemka sokoni Kasongo, nikamsingizia rafiki yangu

Wakuu, salamu kutoka Kasongo, Maniema, upande wa Kongo.

Siku ile ningejibu "Hapana, Ijumaa pikipiki inapumzika," leo nisingekuwa na la kuwaandikia. Nilijibu ndiyo. Haya sikusimuliwa na mtu, niliyatenda mwenyewe.

Mimi ni mzee sasa. Pikipiki, kwetu tunaiita moto tu, tuliinunua wawili: mimi na Athumani, rafiki yangu tangu sekondari. Siku tatu zake, siku tatu zangu, abiria na mizigo hadi Kabambare.

Ijumaa haitoki. Asubuhi tunakaa chini mbele yake, kila mtu na kijiti chake, tunakwangua tope lililokaukia kwenye vile vibati vyembamba vinavyozunguka silinda. Stori zetu zote za maisha tulizipigia hapo.

Kwa wasiojua: injini hizi hazina maji ya kuzipoza. Zinapozwa na upepo wa mwendo. Tope likijaa kwenye vibati ni kama umeivika blanketi. Ukikimbia, inavumilia. Ukijikokota juani, haivumilii.

Nilijua yote hayo.

Alhamisi alasiri akaja shemeji yangu, Mama Zaituni. Binti yake anaolewa kesho, na gari waliloahidiwa limekwama njiani.

"Shemeji, ni weye tu. Bibi arusi atembee kwa miguu sawa vile anaenda shambani?"

Nikakubali hapo hapo, bila kumuuliza mwenzangu.

Athumani alirudi jioni kutoka Wamaza, tope hadi kwenye taa. Nilipomwambia, akatikisa kichwa.

"Jua hili, mwendo wa arusi? Itakufa."

"Nimeshasema ndiyo."

"Basi kwanza uikwangue. Mimi kesho asubuhi niko na kazi ya kaka."

Asubuhi niliosha tanki, usukani na rimu, pale ambapo macho ya watu yanafika. Vibati sikuvigusa. Nilikuwa na kanzu ya kupiga pasi.

Halafu wanawake wakaja na vitenge, wakaipamba kuanzia taa hadi chini, wakafunga na mafundo mbele ya injini. Hata upepo kidogo uliobaki wakauzibia njia. Nami nilisimama pale nikisifiwa.

Tulitoka baada ya sala ya Ijumaa. Arusi ya kwetu haina haraka. Bibi arusi akifika mbio, watu watasema kwao walikuwa wamemchoka. Wanawake wanacheza mbele, ngoma katikati, mimi nyuma yao na mwali mgongoni kwangu ameshika mwavuli. Gia ya kwanza, klachi nusu. Tulipoingia sokoni ndiyo kabisa: baiskeli za mawese, mbuzi, pikipiki nyingine zinapiga honi nyuma yetu.

Nikajaribu kuongeza mwendo ipate upepo. Mama Zaituni akageuka:

"Muzee weye! Uko unabeba bibi arusi, hauko unabeba muhogo!"

Soko zima likacheka. Nikapunguza.

Kwanza ikanuka oili ya kuungua. Kisha kitambaa. Kisha injini ikaanza kugonga kama kijiko ndani ya kikombe. Mtu mwenye akili angezima, akamteremsha mwali kivulini, akasubiri ipoe. Mimi niliona aibu kusimama.

Ikanyamaza yenyewe, katikati ya soko. Nikakanyaga kiki, haishuki. Nikapanda juu yake kwa mwili mzima, haishuki.

"Muzee, bibi arusi atazeekea hapo!" kijana mmoja akapiga kelele.

Kicheko kilivyozidi, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Ni Athumani! Ameniachia moto bila oili!"

Sikujua kama alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amekuja kuangalia arusi kama watu wengine.

Alishika kiti kwa nyuma, akaanza kusukuma. Tulisukuma pamoja hadi kwa fundi, na mwali akaenda kwa mumewe kwa miguu, kile kile nilichotaka kumwepusha.

Fundi alikata vitenge, nyuzi zimeungulia kwenye tope, na tope lenyewe limekuwa tofali. Akafungua nati ya chini. Oili ikatoka, ikajaa bakuli kama kawaida.

Athumani akaliangalia bakuli.

"Oili iko," akasema. Akanawa mikono, akaenda.

Jioni nikamfuata kwake, nyuma ya nyumba, kuomba radhi. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Ulinisema mbele ya soko," akasema, "unaniomba samahani mbele ya ukuta?"

Ilinichukua muda mrefu mno kulielewa neno hilo. Pikipiki ilipona, tukaiuza. Yeye akahamia Wamaza kwa binti yake. Ndipo siku moja baada ya sala nikasimama mbele ya watu nikasema ukweli. Watu wakatazamana. "Moto gani, muzee?" Walikuwa wamesahau. Aliyekumbuka hakuwepo.

Habari zilimfikia. Alituma salamu kwa dereva mmoja: amesikia, amesamehe.

Somo la injini ni jepesi: safisheni vibati, msifunike silinda kwa mapambo, na ikianza kunuka, zimeni hata kama mnabeba malkia. Na kamwe usiimwagie maji baridi ikiwa bado ya moto, silinda itapasuka. La pili mmeshaliona wenyewe.

Nimeandika nikijua vijana wengi humu mna pikipiki za kushirikiana. Mwenye neno aliseme, hata la kunikemea, nitasoma yote.

Msamaha wake ninao. Lakini Athumani hakurudi Kasongo, na Ijumaa asubuhi sina mtu wa kukaa naye chini. Hicho ndicho ile "ndiyo" yangu ilichonigharimu.