Nyumba ya Wiki Mbili

Hakuna aliyenituma kuvunja nyumba ya baba pale Mwananyamala. Nilijitia kimbelembele mwenyewe. Nilikuwa fundi mkuu kwenye kampuni changa ya vijana wasomi, yadi yetu iko Kinyerezi. Tulimwaga kuta za zege kwenye kalibu za chuma, zikikauka tunazipakia kwenye lori na kwenda kuzisimamisha kiwanjani kwa winchi. Nyumba nzima wiki mbili, ndivyo walivyokuwa wakitamba. Bosi wetu, kijana mwenye maneno matamu hadi unasahau njaa, alitafuta nyumba ya mfano ya kuonyesha wateja. Nikamwambia, "Bosi, jenga ya mzee wangu."

Mzee alikuwa anaumwa, na sote tulijua haponi. Ile nyumba aliijenga kwa mikono yake, naye ni fundi, lakini paa lilikuwa linavuja na kuta zimeliwa na chumvi. Alikubali kwa sharti moja. "Wiki mbili ziwe wiki mbili kweli. Mie sitaki kufia kwa mtu." Tukawahamishia yeye na mama kwa shangazi, Mbagala.

Siku ya msingi akataka aletwe. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, akazitazama kamba zetu za kupimia msingi, akacheka. "Huu ukumbi au kabati? Ongeza shubiri hapo, wajukuu wapate pa kulala."

Jamani, ningemjibuje? Yeye ndiye aliyenifundisha kushika pima maji. Tena sie mafundi wa mtaani ndivyo tulivyozoea: mwenye nyumba akitaka nyongeza unasogeza kamba, mengine utayamaliza kwa tofali na plasta. Nikasogeza kona ya mbele. Ofisini sikusema kitu. Niliona aibu kumwambia yule kijana kwamba baba yangu amesahihisha ramani yake.

Lori likaja. Kuta tatu zikasimama vizuri, majirani wakapiga vigelegele. Ya nne, ya mbele, ikashushwa, ikapungua shubiri ileile. Vyuma vya kuungia havikufikiana, na uwazi uliobaki unapitisha mkono mzima. Nikasema tuzibe kwa tofali. Injinia wa kampuni akasema thubutu, vyuma visipofungana ukuta utakuja kuwaangukia watu.

"Tutamwaga mwingine," bosi akasema. Kumbe kalibu zote zilishapangiwa kazi ya mteja wa Mbezi Beach. Subiri kidogo, braza, ananiambia. Kidogo ikawa mwezi, ikawa miezi mitatu. Huku akapiga picha upande wenye kuta nzima, akaitupia mtandaoni: nyumba ya wiki mbili! Nilipoiona kwenye simu nilitoa tusi ambalo silirudii hapa. Lakini na mie nilingoja, badala ya kuzing'oa zile kuta na kujenga kwa tofali ninazozijua tangu utotoni. Nilimwamini. Mjinga mie.

Kila nikifika Mbagala baba ananiuliza swali moja, "Lini?" Alikuwa amekonda, sauti inatoka kwa shida, bado anauliza. Jioni moja nilitoka yadi nimevurugwa, akauliza tena mbele ya mama na shangazi. Nikafoka. "Shubiri yako ndiyo imetuponza, mzee! Usingetia mkono wako saa hizi ungekuwa kwako."

Shangazi akashika mdomo. Baba akanitazama, wala hakukasirika, bora angekasirika.

"Si ungeniambia tu haiwezekani, mwanangu," akasema. "Mie fundi. Ningeelewa."

Hakuuliza tena. Siku ya tisa baada ya hapo tulimtoa kwa shangazi, kwenye mlango wa watu, kwenda makaburini. Bosi alituma ujumbe wa pole. Sikuujibu, na kazini sikurudi.

Sasa mama anakaa eda kulekule kwa wifi yake, chumba cha uani, nyuma ya pazia la kuazima. Hata maji ya chai anaomba kwanza kabla ya kuchemsha. Mie mwanawe naruhusiwa kuingia, lakini nikienda naketi upande wa pili wa pazia, namwamkia shikamoo, anaitikia, ananiuliza kama nimekula. Habari za nyumba hazitaji. Nimejaribu mara mbili kumwomba msamaha, na mara zote mbili amenikatiza akaniuliza kama nimekula.