Usaili wa Mama Pasi

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, hajui kusifiwa. Ukimwambia gauni limekupendeza, atakujibu la zamani hili. Ukimsifia mapishi, atasema chumvi imezidi. Mimi ni msusi, saluni ni yangu, na maneno ndiyo biashara yangu ya pili baada ya nywele, kwa hiyo mtu wa namna hiyo hunichosha. Lakini huyu nampenda, na kwa kumpenda nimemgombeza sana.

Watu humwita Mama Pasi. Anafua na kupiga pasi katika hoteli kubwa, ndani ya chumba cha chini kisicho na dirisha, ambamo mashine zinanguruma tangu asubuhi na shuka hazishi kushuka kutoka ghorofani. Mvuke na dawa za kutoa madoa vimemwingia kifuani. Anakohoa akiongea, anakohoa akicheka. Kaka yangu anasema siku hizi kikohozi hakimwamshi. Akikuta kimya ndipo anaposhtuka. Daktari naye hakuzunguka: "Mama, toka kwenye huo mvuke, la sivyo kifua hicho hakitakufikisha mbali." Ni rahisi kusema. Aache kazi wale nini?

Basi hoteli ikatangaza nafasi ya mapokezi, na wafanyakazi wa ndani wakaambiwa waombe kwanza. Kukaa juu, penye hewa, kupokea wageni na kuwapa funguo. Sharti lililomkata maini lilikuwa Kiingereza.

"Nitakiweza wapi mimi, wifi?" akaniuliza.

"Hapa hapa, kwenye kiti hiki," nikamwambia. "Kaa."

Kiingereza alikuwa nacho, cha shule, kimelala tu. Akisomewa anaelewa, akitakiwa kusema ulimi unagoma. Changu mimi nimekiokota kwa wateja. Kina viraka, lakini kinatembea. Nikapiga marufuku Kiswahili saluni kila mchana anapotoka zamu. Siku ya kwanza saluni yangu, ambayo majirani huilalamikia kwa kelele, ilinyamaza. Wateja walikuwa na umbea wa mtaa mzima na hawana lugha ya kuusemea. Muuza viatu wa duka la jirani alivumilia nusu kichwa, kisha akaniambia kwa ishara nimalizie haraka, ana mengi ya kuongea nyumbani.

Haba na haba, Mama Pasi akaanza. Akauliza bei ya mafuta ya nywele kwa Kiingereza. Akamwelekeza mteja benki ilipo, akamwambia na kona ya kukata. Siku nyingine akasimulia mvua ilivyomkuta njiani, akachekesha watu, na alipoona wamecheka akashangaa kuliko wao. Nilimwangalia kwenye kioo nikaona uso wake umefunguka, nikafurahi kama vile mimi ndiye ninayetafuta kazi.

Shida ilianza tulipofika kwenye usaili wenyewe. Nilivaa koti la kaka yangu, nikakunja uso, nikamuuliza kwa Kiingereza: kwa nini tukupe kazi hii?

Akajibu kwamba yeye anajaribujaribu tu, na wapo wengine wanaomzidi.

"Wifi!" Kiingereza kikanitoka kichwani. "Umemwombea kazi nani? Sema wewe ni hodari!"

"Nijisifu mwenyewe? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Kizuri kikiwa dukani, ndiyo. Wewe umefungiwa stoo ya chini, nani atakuona akununue?"

Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamletea maji. Hapo kicheko kikatuishia wote wawili. Aliporudisha pumzi alinitazama kwenye kioo akasema, "Haya, niulize tena."

Nikamuuliza, na sikumwonea huruma. Nilimfokea, nilimkatiza, nilijifanya simsikii. Wateja nao wakawa mabosi: mmoja anamuuliza kwa ukali mgeni akilalamika chumba kina joto atafanyaje, mwingine, kichwa kikiwa ndani ya mashine ya kukaushia, anapiga kelele kwamba hajaridhika na jibu. Mwishoni Mama Pasi alikuwa anasimama mbele ya kioo anatamka, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba yeye ni mchapakazi, mwaminifu, na hakuna mgeni atakayemshinda. Alikuwa anaona haya bado, lakini anasema. Nikajua bosi yeyote mkali atakayekaa mbele yake atajibiwa.

Siku ya usaili nilimsuka vizuri, nikampaka mafuta, nikamsindikiza mpaka lango la nyuma la wafanyakazi. Alirudi saluni anatabasamu.

"Wifi, kumbe ni watu wazuri! Meneja mpya ni binti mdogo, rika la mwanangu wa kwanza. Nilipoingia akasimama kabisa. Akaniambia, shikamoo mama, karibu ukae. Nikamwitikia marahaba mwanangu, hujambo? Akanivutia kiti. Tumeongea, tumeongea!"

Kitana kikanitulia mkononi. "Mmeongea kwa lugha gani?"

Tabasamu likamshuka.

"Yeye maswali aliuliza kwa Kiingereza," alisema taratibu. "Nilielewa yote. Lakini, wifi, mtoto ameniamkia. Nimeshaitikia marahaba. Nimgeukie tena nimwambie kwa Kiingereza mimi hodari, mimi hakuna kama mimi, nipe kazi? Nilimjibu kwa Kiswahili, kama mama. Nikamwambia najitahidi tu."

Nilitaka kupiga kelele. Tulikuwa tumejiandaa kwa kila ukali duniani, kumbe atakutana na adabu. Nilimgeuzia mgongo nikaendelea kumsuka mteja, namvuta nywele mpaka akalalamika. Hasira yangu haikuwa kwa wifi wala kwa yule binti, maana mtoto aliyelelewa vizuri angefanya nini tena? Nilikuwa nakisikia kile kifua nyuma yangu.

Majibu yalikuja baada ya siku chache. Binti mwenyewe aliteremka mpaka chumba cha kufulia, akamshika mkono, akamwambia mama tunakuheshimu sana, lakini mapokezi panataka mtu wa Kiingereza. Mama Pasi akamshukuru, akarudi kwenye shuka zake. Jioni ile aliponipitia nilimwambia pole, basi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, akijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

Kesho yake alipiga moyo konde akapanda ghorofani na aproni yake mbichi, bila kuitwa. Haya amenisimulia yeye, na mtu asiyejua kujisifu hajui kutia chumvi. Alibisha hodi. Binti akainuka haraka, na kabla hajafungua kinywa Mama Pasi akamnyanyulia mkono.

"Mwanangu, usiniamkie. Juzi uliniamkia nikasahau kilichonileta. Mtu uliyemwitikia marahaba humwombi kazi. Leo nichukulie sikujui na hunijui, kaa, uniulize."

Binti alibaki amesimama. Ni vigumu kumnyima mtu mzima salamu ikiwa umefundishwa kwenu. Mwishowe akakaa. Akafungua kinywa kwa Kiingereza, bila shikamoo, bila mama, akamuuliza kwa nini wampe yeye kazi hii.

Mama Pasi akajibu kwa Kiingereza. Hakusema nilivyomfundisha. Alisema amefua shuka za wageni wa hoteli hii miaka yote, anazijua shuka za aliyelala vizuri na za aliyelia usiku kucha, lakini hajawahi kuuona uso wa mgeni hata mmoja. Akasema anataka kuwaona, na anajua atawapokea vizuri kuliko yeyote. Binti akauliza la pili, la tatu, akamkatiza, akamtaka arudie. Akarudia.

Aliingia saluni nikiwa naosha kichwa cha mteja.

"Wamenipa majaribio," alisema. "Naanza Jumatatu."

Nilipiga kigelegele, mteja akaingiwa na sabuni machoni. Nilipogeuka kumkumbatia nikakuta machozi yanamtiririka.

"Sasa unalia nini, wifi?"

"Aliniuliza kama mtu baki," akasema, akijifuta kwa aproni. "Hakuniita hata mama. Na mimi nikamjibu."