Kicheko cha Baba Ukumbini

Mgeni wetu alipoanza kupuliza basuni, ile ala ndefu ya mbao yenye sauti nzito, ukumbi mzima wa chuo ulinyamaza kama tuko msibani. Mimi nilikuwa mwalimu wa muziki pale. Nilikuwa nimemleta baba yangu kutoka Masama, aliyepiga tarumbeta la besi kanisani maisha yake yote.

Katikati ya wimbo wa pili, baba akacheka. Alicheka kwa sauti, mabega yakitikisika, peke yake. Wakubwa wa chuo wakageuka. Nikamshika mkono, nikamtoa nje kama mlevi, nikamwacha kwenye ngazi.

Baada ya makofi, mgeni aliniuliza yule mzee ni nani.

“Simfahamu,” nikajibu upesi.

Akasikitika. Alisema wimbo ule ulitungwa ili watu wacheke, lakini kila anapoupiga wasomi hununa kama wanaosomewa hukumu. Alitaka kumshukuru mzee.

Nikatoka. Baba alikuwa palepale, ndani ya koti lake la ibada.

“Nisamehe, mwanangu,” akasema. “Nimekuaibisha mbele za watu.”

Na mimi, msomi mzima, nikamsamehe.