Jicho la mashine na pikipiki ya baba

Jamani, leo habari ya sayansi imenitoa jasho.

Mzee wangu anapenda nimsomee habari kwenye simu, anadai herufi ni ndogo. Basi mchana huu tumekaa zetu nje hapa Ilembo, jua kali, namsomea: wataalamu wanatengeneza vifaa vya kuhisi mwanga vinavyoiga jicho la binadamu. Mashine ikitoka kwenye mwanga mkali ikaingia gizani, inazoea fasta, inaona.

Mzee akacheka.

"Afadhali hiyo inazoea. Mimi siku hizi nikitoka juani nikaingia kivulini, sioni kitu."

Nikaacha kusoma.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu kipindi cha mavuno."

Huyu mtu ni bodaboda! Asubuhi hii hii kampeleka mwanangu Neema shule.

"Sasa pikipiki unaendeshaje?"

"Njia za huku zote nazijua, mwanangu. Mpaka Mwamkulu."

Eti anazijua!

Nikamwambia kesho twende hospitali wakampime macho. Akasema tutaona, kwanza akamchukue Neema, muda wa kutoka shule umefika. Akanyanyuka, akaingia ndani kufuata ufunguo.

Naandika nimesimama mlangoni. Mliowahi kumnyang'anya mzee pikipiki bila ugomvi, mlifanyaje? Semeni haraka.

Maana ananifokea, eti ufunguo nimeuficha wapi.

Sijauficha. Uko juu ya meza, mbele yake. Anapapasa pembeni yake.