Majina Kumi ya Mjomba

Mwaka ule chuo kikuu kilifungwa baada ya mgomo, nami nikarudi Migori na sanduku la vitabu vya fizikia na ubishi mwingi. Baba alinivumilia wiki moja. Wiki ya pili akaniambia niende nikakae kwa mjomba, kaka ya mama, mpasuaji wa macho, ambaye kwa maneno ya Baba ndiye mtu pekee katika ukoo mwenye subira ya kazi ndogondogo.

Mjomba hakuwa daktari wa digrii. Alikuwa afisa wa kliniki aliyefunzwa kutoa mtoto wa jicho, na kwa miaka mingi alikuwa amefungua macho ya watu kutoka mpaka wa Tanzania hadi visiwani. Alifanya kazi kwa mtindo wa zamani: aliitoa lenzi ya jicho iliyoingia ukungu, akalifunga jicho, kisha mgonjwa akapewa miwani mizito kama kitako cha chupa ili ishike nafasi ya kilichotolewa. Bila miwani hiyo mtu aliona mwanga na vivuli tu. Alinieleza haya tukila, bila kujisifu, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupanda mihogo.

"Na unajuaje kwamba wanaona?" nilimuuliza.

"Waliondoka wodini wakitembea wenyewe."

"Baada ya hapo?"

Mkewe aliacha kupakua ugali. Kwetu mtoto wa dada ana nafasi yake. Anaweza kumwambia mjomba jambo ambalo watoto wa nyumba ile wangelimeza. Mjomba alinitazama, akanisogezea mboga. "Okewa," akasema, jina ambalo Mjaluo humwitia mtoto wa dada yake, "kula."

Mwezi uleule ikaja barua ya kumwita kwenye mafunzo Homa Bay. Wapasuaji wa macho walitakiwa kujifunza kuweka lenzi ndogo ya plastiki ndani ya jicho lenyewe, ili mgonjwa asitegemee miwani mizito maisha yake yote. Kulikuwa na hesabu za nguvu ya lenzi, na mjomba aliziogopa kuliko damu. Ndivyo nilivyojikuta nyuma ya pikipiki yake, nimebeba daftari langu la somo la mwanga.

Ukumbi wa mafunzo ulitazama ziwa. Siku hizo magugu maji yalikuwa yamefunika ghuba, na kwa mbali ungedhani ni uwanja wa mpira. Mwalimu alikuwa mpasuaji kutoka Nairobi, mwanamke, mdogo kwa umri kuliko wanafunzi wake wote. Aliniruhusu kukaa nyuma baada ya kunikuta nikitengeneza mashine ya slaidi iliyomshinda karani. Asubuhi wanafunzi walishona macho ya mbuzi yaliyoletwa kutoka machinjioni, wazee wazima wameinamia darubini, wamekunja midomo kama watoto wanaojifunza kuandika. Baada ya chakula yalikuwa mafundisho. Mpaka leo nikisikia harufu ya chai ya maziwa iliyopoa narudi kwenye ukumbi ule, na miale ya mwanga niliyomchorea mjomba nyuma ya karatasi za chati.

Mwishoni mwa wiki ya kwanza mwalimu aliomba madaftari ya upasuaji ambayo kila mmoja alikuwa ameambiwa aje nayo. Alifungua la kwanza katikati bila kuchagua, akapiga mstari kando ya majina kumi yaliyofuatana, akalirudisha. Akafanya hivyo kwa wote.

"Msiniambie mmepasua macho mangapi," alisema. "Watafuteni hawa kumi. Wapimeni wanavyoona leo, huko nyumbani kwao. Mrudi baada ya mwezi na majibu. Na katika hao, mtu ambaye jicho lake la pili bado lina ukungu, akikubali, ndiye utakayemwekea lenzi ya kwanza mimi nikiwa kando yako. Ukikosa hata mmoja wa kukukubali, tutaendelea na mbuzi."

Baadhi walicheka. Mjomba hakucheka. Mimi nilijisikia kama swali langu la mezani limeajiriwa na serikali.

Hatukuwa na simu. Tulituma majina kwa machifu, tukaomba yatangazwe makanisani baada ya ibada, kisha tukaanza safari na vitu viwili: ubao wenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku, kubwa juu na ndogo chini, na kamba ya katani yenye urefu wa mita sita. Mgonjwa alishika ncha moja ya kamba, mimi nikasimama kwenye ncha ya pili na ubao, naye akaonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Hakuhitaji kujua kusoma.

Wa kwanza alikuwa mkulima wa Ndhiwa. Miwani yake ilikuwa imepasuka kioo cha upande wa jicho lililopasuliwa, na aliishikiza kichwani kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Hakuiona hata E kubwa ya juu. Alifurahi sana kumsikia mjomba, akatupa mapapai matano. Tulipofika barabarani mjomba alitoa daftari, akaandika kwa penseli neno moja: hakupatikana.

"Mjomba, tumempata."

"Miwani imevunjika. Hilo si kosa la mkono wangu."

"Tumempata. Mapapai yake haya hapa yananilemea mgongoni."

Alipanda pikipiki, akashuka tena bila kuiwasha. Kisha akafuta, akaandika: haoni, miwani ilivunjika, hakuambiwa aende wapi kupata nyingine. Kesho yake alikuwa wa kwanza kuamka.

Walifuata wengine. Mzee wa kanisa alikuwa akiivaa miwani yake Jumapili tu, siku nyingine imefungwa kwenye kitambaa isichakae; kati ya Jumatatu na Jumamosi alikuwa akijigonga kwenye milango. "Ni ya ibada," alituambia, akashangaa tulipomsihi aivae hata zizini. Mmoja alikuwa ameshafariki. Mwingine alikuwa amehamia Remba, na tulipofika kisiwani kwa mashua ya injini tukamkuta anauza chai, anaona vizuri kabisa. Mjomba alimpima mara tatu. Nilimwambia kipimo kimoja kinatosha, akasema, "Niache nifurahi kidogo."

Majina mawili ya mwisho yalikuwa ya wanawake wa boma moja karibu na Muhuru Bay, wake wa marehemu mmoja, waliopasuliwa siku moja, kila mmoja jicho la kulia. Tuliwakuta wameketi kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa, wakichambua omena, dagaa wa ziwani, waliokauka. Mkubwa alikuwa amevaa miwani. Mdogo alikuwa akipapasa kwa vidole.

"Na yako iko wapi, mama?" mjomba alimuuliza mdogo.

"Ziwani," alijibu yule mkubwa. "Aliinama kuchota maji akampa mamba asome gazeti."

"Mamba anaisoma vizuri kuliko wewe," mdogo akasema. "Vua, zamu yangu imefika."

Walikuwa wakigawana miwani moja kwa siku: mkubwa mpaka jua liwe la utosi, mdogo hadi machweo. Ilikuwa na nguvu ileile kwa wote wawili, kwa sababu hospitali ilikuwa na aina moja tu. Mjomba aliwapima, kila mmoja akiwa na miwani, na wote waliona karibu mpaka chini ya ubao. Nilimwona akihesabu kichwani: macho mawili yaliyofanikiwa, nusu siku kila moja.

Ndipo akawaeleza habari ya jicho la kushoto, ambalo kwa wote wawili bado lilikuwa na ukungu, na lenzi inayowekwa ndani, isiyovuliwa, isiyoanguka ziwani. Wengine wote tuliokwisha kuwauliza walikuwa wamekataa. Hawa wakikataa, ni mbuzi tu.

"Umeshaiweka kwa nani?" mama mkubwa aliuliza.

"Kwa binadamu bado. Nimefanya kwa macho ya mbuzi."

"Na mbuzi waliona?"

"Walikuwa wameshakuwa supu," mdogo akasema, na wote wawili wakacheka mpaka omena wakamwagika.

Mkubwa alipotulia alinigeukia. "Wewe uliyesoma. Ingekuwa mama yako?"

Nilijua mjomba ananitazama. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimetaka watu waulize swali kama hilo, na sasa nilitamani liulizwe mtu mwingine. Nikasema kwamba kwa hesabu inafaa, kwamba mwalimu atakuwa amesimama karibu, na kwamba likiharibika halitarudi.

"Sawa," mama mkubwa alisema. "Basi ni mimi. Huyu bado ana watoto wa kulea. Mimi nikiharibika, jicho la kulia lipo na miwani ipo, na zamu yangu ya asubuhi sitoi."

"Na ukipona?" mjomba aliuliza.

"Nikipona, huyu mchawi achukue miwani siku nzima."

Mdogo aliinamisha kichwa, akaanza kuwaokota omena waliomwagika, mmoja mmoja.

Mwezi ulipokwisha mjomba alisimama mbele ya wenzake Homa Bay akasoma majina kumi kwa sauti ya kawaida, pamoja na mkulima wa Ndhiwa. Hakuna aliyecheka, wengi walikuwa na mkulima wao. Siku iliyofuata alimpasua mama mkubwa. Nilikaa kwenye benchi la nje na mke mwenza, tukila karanga alizoleta kwenye leso, naye akaniuliza kila baada ya muda kama kimya kile ndani ni kizuri au kibaya. Nilimwambia sijui. "Chuo kizima," akasema, "na hujui."

Jicho lilipona bila usaha wala maumivu. Mwalimu aliitazama kazi ya mjomba kwa darubini, akamwambia aendelee. Tungeweza kuishia hapo, lakini mjomba hakuwa tena mtu wa kuamini bandeji. Baada ya wiki sita tulipanda pikipiki, tukaenda tena Muhuru na kamba na ubao.

Mama mkubwa hakuwa na miwani. Alisimama kwenye ncha yake ya kamba, akalifunika jicho la kulia, akaonyesha E moja baada ya nyingine, mkono ukienda upesi kuliko nilivyoweza kufuata, hadi mstari wa chini. Mdogo alikuwa ameketi mlangoni amevaa miwani, na ilikuwa alasiri, zamu yake ya siku zote, ila sasa asubuhi pia ilikuwa yake. Mjomba alikuwa na uso ambao sijauona tena kwake. Nilimwacha afurahi.

"Umemaliza?" mama mkubwa akauliza. "Sasa njoo uone."

Alituongoza hadi kwenye nyavu, akachota omena, akawaweka kwenye kiganja karibu na uso, akawasogeza mbali, akawasogeza mbali zaidi mpaka mkono ukaisha.

"Naona vilima vya Tanzania. Naona nani anapita njia ile na amebeba nini. Lakini hiki kilicho mkononi ni ukungu. Umenipa Tanzania, daktari, ukaninyima omena."

Lenzi ya plastiki hainyumbuki kama lenzi ya jicho la kijana. Ikipangwa ione mbali, kuona karibu kunahitaji miwani miepesi ya kusomea. Mwalimu alikuwa amelisema. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelichora, kwa kalamu nyekundu. Katika safari zote zile nilikuwa nimeuliza kila kitu, na sikuwahi kumuuliza mama yule macho yake yanafanya kazi gani mchana kutwa, ingawa nilimkuta akiifanya.

Mjomba alikaa chini kwenye nyavu. Alitoa daftari, akatafuta jina la mama yule, akaanza kuandika.

"Rudia, mama," alimwambia. "Umesema nimekupa nini?"

Akarudia. Mjomba aliandika neno kwa neno, Tanzania na omena, chini yake akaandika nguvu ya miwani ya kuleta, na tarehe ya kurudi.

"Hayo nayo utayasoma mbele ya wenzako Homa Bay?" nilimuuliza tulipokuwa tunakunja kamba.

"Nitaanza na hayo," alisema, akaelekea mlangoni kwa yule mdogo, kumuuliza kazi yake.