Foleni Isiyohesabiwa

Chapchap hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na wenzake kazini, na aliyempa alilenga shabaha. Mwanamke huyu hakuwa na subira ya kungoja chai ipoe. Aliikata kwa maji baridi, akaigugumia amesimama, akaondoka. Dukani akipanga foleni ya kulipia, macho yake yalikuwa kwenye foleni ya jirani. Akihamia huko, ile aliyoiacha inaanza kukimbia. Akirudi, inaganda. Mtu mzima na akili zake timamu anahangaika na kikapu mkononi kama kuku anayetafuta pa kutagia, na mwisho wa yote anatoka wa mwisho.

Sasa sikia kichekesho: mtu huyuhuyu, riziki yake ilikuwa foleni.

Alianzia kampuni ya mtandao. Kazi yake ilikuwa kuamua nini kitangulie kupita. Maana njia ni nyembamba na wapitaji ni wengi: kuna sauti ya mtu anayeongea na mchumba wake, kuna picha, kuna filamu, kuna barua pepe. Vyote hukatwa vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo hupanga foleni kama watu mbele ya bomba la maji. Chapchap aliweka sauti mbele. Sauti ikichelewa kidogo tu, mtu anaanza "haloo, haloo, unanisikia?" na uchumba unaingia doa. Barua aliiweka nyuma. Barua ikichelewa haimlilii mtu.

Baadaye akahamia chumba cha kuongozea taa za barabarani, na kumbe kazi ni ileile, ila sasa vipande vina matairi na honi. Foleni zote ni ndugu, alipenda kuwaambia wageni wa ofisi: kuna anayekuja, kuna anayehudumia, na kuna mtu amekaa pembeni anaamua nani atangulie. Huyo wa pembeni alikuwa yeye, na tusidanganyane, alipenda sana kuwa yeye.

Kwenye barabara ndogo ya mafundi vioo kulikuwa na kero. Pale magari yanaposimama kungoja taa, chini ya lami, kumefukiwa waya unaoiambia kompyuta kwamba kuna gari hapa, lifungulie. Lakini wateja wa vioo walikuwa na tabia ya kuegesha juu ya waya huo, wanaingia dukani kupigania bei, na kompyuta masikini inawafungulia taa watu ambao hata kwenye gari hawamo. Barabara kuu inasimamishwa bure. Chapchap alipandwa na hasira, akaandika kanuni siku hiyohiyo: gari likikaa sana juu ya waya bila kusogea, lihesabiwe limeegeshwa, lisisumbue watu. Barabara kuu ikapumua. Wakubwa wakampongeza. Hakuna aliyekwenda kuwauliza mafundi vioo wanaonaje.

Tena wakubwa haohao walikuwa na mchezo wa kupiga simu: nifungulieni, nina mkutano; nifungulieni, mke wangu yuko saluni. Chapchap akakomesha. Ufunguo wa kuongozea taa kwa mkono akauchomoa, akawa anatembea nao kwenye mkoba. "Hata apige simu mama yangu mzazi," aliwaambia wenzake, "taa haifunguliwi kwa undugu."

Mama yake mzazi alikuwa ameshafariki zamani. Alichomwachia ni mdogo wake, wa tumbo moja, ambaye Mungu alimwumba siku aliyokuwa ametulia. Wakati wa msiba binti huyo alikuwa bado anavaa sare ya shule, na Chapchap ndiye aliyegeuka baba, mama na mwalimu mkuu. Binti hakuwahi kumsumbua. Kwenye foleni yoyote, ya maji, ya zahanati, ya basi, mdogo wake alikuwa anapisha watu. "Pita tu mama, mimi nipo." Chapchap akimwona anatamani kumsukuma mgongoni.

Mdogo akasoma, akawa muuguzi. Dada yake akamtafutia kazi hospitali ya nchi ya mbali, mkataba wa miaka minne. Alimwandikia maombi, akampangia usaili, akamkatia tiketi. Binti alirudi kutoka zamu jioni moja akakuta safari yake imepikwa, imepakuliwa, amebaki yeye tu kuila.

Tangu jioni ile alikuwa na neno.

"Dada, kuna kitu nataka kukwambia."

"Sema, nakusikia."

Simu inalia. Taa za makutano fulani zimezimika, au daraja limejaa maji. "Subiri kidogo mdogo wangu, nakuja."

"Haya dada. Mimi nipo."

Ikawa hivyo jikoni, ikawa hivyo mlangoni, ikawa hivyo hata kitandani dada alipolazwa na homa, maana hata na homa alikuwa anaongea na ofisi. Mpaka siku moja kabla ya safari, mdogo alipofunga sanduku akasema, kwa upole uleule lakini akiwa amemtazama usoni: "Kesho uwanja wa ndege nitakwambia, kabla sijaingia ndani. Ila uje, dada. Kwenye simu sisemi, na nikishafika huko sitasema tena." Chapchap akaapa kwa kaburi la mama yao kwamba atafika.

Asubuhi lori la mchanga likapinduka barabara kuu. Angeweza kumwachia Shwari, mwenzake wa zamu, mwanaume asiyeshtuka hata nyumba ikiungua. Lakini nani awaamini watu wa taratibu? Akasema nitengeneze hili tu, niondoke. Mdogo wake akatangulia na gari la jirani. Hilo tu likazaa jingine, na jingine likazaa mapacha, na Chapchap aliponyanyua macho kwenye skrini, saa ilikuwa imeshamkimbia. Akashika mkoba, akateremka ngazi mbilimbili, akarukia teksi.

"Uwanja wa ndege. Pita kwa mafundi vioo, ni njia ya mkato."

Dereva alimtazama kwenye kioo. "Kwa mafundi vioo, dada? Una uhakika?"

"Endesha bwana, hiyo barabara naijua kuliko chumba changu."

Walipokunja kona, wakakuta foleni imelala mpaka mbele, haina dalili ya kusogea. Watu wamezima injini. Mmoja ameshusha kiti, anakoroma mdomo wazi. Kule mbele kabisa taa ilikuwa nyekundu, na ikaendelea kuwa nyekundu. Chapchap alitikisa goti. Akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua. Akampigia Shwari.

"Niko kwa mafundi vioo. Kuna foleni ya kufa mtu. Hebu angalia taa yangu ina nini."

Shwari alikuwa anaangalia, na kuangalia kwake hakuna haraka.

"Dada, barabara hiyo nyeupe kabisa. Hakuna gari hata moja."

"Shwari, nimekaa ndani yake!"

"Nakusomea skrini inavyosema. Hakuna anayengoja. Kuna gari limeegeshwa tu pale mbele."

Hapo Chapchap akaelewa. Barabara kuu leo, kwa ajili ya lile lori, ilikuwa haina mwanya. Hawa wa pembeni wakangojeshwa. Wakangoja kimya, bila kusogea, kama watu wenye adabu. Na kwa sababu wamengoja sana, kompyuta ikaamua hawapo. Kanuni ni yake, kila neno.

"Fungua kwa mkono," alisema.

"Ufunguo unao wewe, dada."

Akatazama mkoba mapajani. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Alishuka, akakimbia pembeni ya magari mpaka mbele, kiatu kimoja mkononi maana kisigino kilikuwa kimekwama kwenye mfuniko wa mtaro. Gari la kwanza lilikuwa la mzee mmoja mwenye kioo cha kabati amekifunga juu kwa kamba. Akagonga dirisha.

"Baba, shikamoo. Naomba urudi nyuma kidogo halafu usogee mbele."

"Marahaba. Nirudi nyuma? Mwanangu, mimi nangoja kwenda mbele."

"Taa haikuoni, baba. Mpaka usogee."

"Haioni gari zima na kioo juu?"

Hakuwa na muda wa kueleza, na hata angekuwa nao angeona aibu. Nyuma ya mzee magari yalikuwa yamebanana, hakuna pa kurudi. Ikabidi aende dirisha hadi dirisha, kaka tafadhali, dada samahani, rudi kidogo, hatua moja tu, na kila mmoja akamjibu lake, mwingine akamuuliza kama hospitali wanajua ametoka. Yule wa kukoroma aliamka akidhani ni ajali. Lakini wakarudi, mmoja mmoja, kwa kunung'unika. Mzee naye akarudi, akasogea mbele tena juu ya waya. Chapchap alisimama mbele ya taa akiitazama kama mdeni wake. Ikawaka kijani.

Teksi ilipomfikia alijitupa ndani. Wala hakufurahi. Njia nzima alikuwa akiona sura ya mdogo wake pale mlango wa jikoni, kitambaa mkononi, amesimama, anangoja, hasogei. Amekuwa akisimama pale muda gani? Na yeye alishamhesabu vipi? Machozi yalimtoka palepale, akayafuta kwa mkono wenye vumbi la barabara.

"Dada, ndege zipo nyingi," dereva akamwambia.

"Endesha tu, kaka yangu."

Ukumbi wa abiria ulikuwa umeanza kupungua watu. Foleni za mizigo zimekwisha, isipokuwa moja, na kwenye hiyo moja, nyuma kabisa, alikuwa mdogo wake na sanduku lake la bluu. Familia moja ilifika ikihema na mizigo yake. Chapchap akamsikia kwa masikio yake, kabla hajamfikia: "Piteni tu, mimi nipo." Akaelewa kwamba alikuwa amewapisha watu hao wote tangu asubuhi, abiria wa ndege nzima, ili asifike mbele kabla dada yake hajaja.

"Nimefika," alisema Chapchap. Kiatu bado kilikuwa mkononi.

"Dada. Umeumia?"

"Sijaumia. Sema neno lako."

Simu ikalia mkobani. Mdogo wake akainamisha macho kwa mazoea, akajivuta nyuma nusu hatua kama anavyofanya siku zote. Nusu hatua ile ilimchoma Chapchap moyoni kuliko maneno. Akaitoa simu, akaizima.

"Sema, mdogo wangu."

"Nilitaka uniulize."

"Nikuulize nini?"

"Kama nataka kwenda."

Familia ilimaliza. Mhudumu, kijana mwenye tai iliyolegea, akaita: "Anayefuata! Jamani, nafunga." Chapchap aligeuza kichwa.

"Subiri kidogo, kaka. Naongea na mdogo wangu."

Kisha akamgeukia. "Unataka kwenda?"

Jibu halikuja upesi. Halikuwa na tabia hiyo. Chapchap alikuwa na majibu matatu tayari kwenye ulimi, yote mazuri, yote ya kwake. Akauma ulimi. Mguu uliokuwa peku ulikuwa unagongagonga sakafu, akaukanyaga kwa mwingine. Akangoja.

"Nataka," alisema mdogo wake. "Tangu siku ya kwanza nilitaka. Lakini kila nikikunja nguo nilikuwa najiona mzigo wako unaousafirisha. Ungenisukuma mpaka kwenye ndege bila kuniuliza, dada, ningekwenda, na nisingekusamehe."

"Nisamehe."

"Umeshauliza."

Wakakumbatiana na kiatu katikati yao, mpaka mhudumu akakohoa. Wakasogea kaunta pamoja. Chapchap akainua sanduku kuliweka kwenye mizani, kijana akawatazama mmoja na mwingine.

"Nani anasafiri hapa?"

"Mimi," akasema mdogo wake, kabla Chapchap hajafungua mdomo.