Babu Hakutaka Tuiname

Harufu ya koti zito la jeshi lililolowa mvua, likianikwa karibu na moto, hadi leo inanirudisha Chome, kijijini kwetu milimani, kwenye nyumba ya babu yangu chini kidogo ya msitu. Alirudi na koti lile kutoka Bama, alikopelekwa na Waingereza kupigana na Wajapani alipokuwa askari wa keya, jeshi lao la Waafrika.

Babu alikuwa na sheria moja iliyotufanya tuonekane hatuna adabu. Wasichana wenzangu wakiwaamkia wakubwa walikunja magoti. Sisi wajukuu zake tuliamriwa kusema shikamoo tumesimama wima. Bibi alicheka, akasema mzee anatulea tuwe magavana.

Siku moja ya mvua nilimuuliza sababu.

"Kule Bama kulikuwa na watu wa milimani kama sisi," akasema. "Wana lugha yao, wanalima miteremkoni. Wajapani walipowatawala waliwanyang'anya mpunga, wakawabebesha mizigo ya vita. Asiyeinama mbele yao alizabwa makofi. Tulipofika, Wajapani wamekwishakimbia, binti wa rika lako alitoka mlangoni akaniinamia mpaka paji la uso likagusa tope. Nikamwambia, inuka mama, mimi si Mjapani. Akazidi kuinama."

"Alikuogopa, babu?"

"Ndani mama yake alikuwa mgonjwa, hawezi kusimama. Baba yake walimchukua kubeba mizigo, hakurudi."

Aliinuka, akaligeuza koti lake karibu na moto.

Kisha zikaja siku za vijiji vya ujamaa. Watu wa kitongoji chetu tuliambiwa tushuke tambarare, upande wa Same, tukaishi pamoja na wengine. Wakati huo bibi alikuwa anaumwa kifua. Hata kuketi kitandani kulimtoa jasho. Asubuhi mgambo walipofika, babu alitoka, akavua kofia, na mbele ya majirani wote akapiga magoti.

"Mwanangu, niachieni huyu mama mpaka apone. Joto la kule litammaliza."

Kijana wa mgambo, ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, alitazama pembeni. "Inuka, mzee. Amri ni ya wote."

Bibi alishushwa kwa machela ya matawi, akikohoa kila walipokata kona. Hakuyaona mavuno ya kwanza. Tulimzika kwenye ardhi nyekundu iliyopasuka kwa jua, mahali ambapo hapakuwa na kaburi hata moja la ukoo wetu.

Nikuambie ukweli, msomaji wangu: kwa miaka mingi nilidhani kwamba asubuhi ile babu alishindwa na woga, kwamba maneno yake yote yalikuwa ya mdomoni tu. Nilikuja kumwelewa nikiwa mtu mzima, mama yangu alipolazwa hali yake ikiwa mbaya, nami nikajikuta mlangoni pa ofisi moja ya hospitali, nikiomba mama aonwe na daktari, nikimchekea mtu aliyetoka kunitukana, nikimwita mheshimiwa.